Kwa Binti Yangu, Kuhusu Mwimbaji Niliyemhukumu Bila Kumsikia

Mwanangu Wakio,

Nimemaliza kumsikiliza Hatsue Kirimura. Diski zote tano, kwa mpangilio zilivyotoka, kuanzia ile aliyoimba akiwa msichana wa chuo hadi ile ya mwisho. Imenichukua wiki tatu. Kila asubuhi kabla ya zamu nilikaa kwenye meza ya jikoni hapa Lewisville, nikaweka diski, nikanyamaza. Sikusoma gazeti wala sikushika kalamu. Unanijua, kwa hiyo unaelewa ni kazi ya namna gani niliyojipa.

Nakuandikia kwenye ukurasa huu wa gazeti kwa sababu ni hapa nilipokukosea. Barua ya siri ingenifaa mimi zaidi kuliko wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja mama yako na mimi tulipoachana. Yeye akaenda Houston kwa kazi ya uuguzi, mimi nikabaki huku kaskazini mwa Dallas, tukakubaliana tuwe tunakutana katikati. Kila Ijumaa ya pili alikuleta hadi kituo cha mafuta cha Centerville, nami nikashuka kukuchukua. Jumapili mchana nilikurudisha palepale. Kwa miaka sita wewe na mimi tuliishi kwenye barabara ile iliyonyooka, ng'ombe upande huu, mabango ya mawakili upande ule. Sehemu kubwa ya malezi niliyokupa niliitoa nikiwa nimeshika usukani.

Ulikuwa na miaka kumi na minne ulipoingia garini na diski ya kwanza. Uliachiwa na msichana Mjapani wa darasani kwenu, baba yake aliporudishwa kwao na kampuni yake. Ukaniuliza kama unaweza kuiweka, nikakubali. Kulikuwa na piano na sauti ya msichana, basi. Kabla hajaanza kuimba unasikika mlango ukifungwa.

"Huyu anasema nini?" nikauliza.

"Bado sijui."

"Sasa unasikilizaje usichokielewa?"

Nikanyoosha mkono, nikapunguza sauti, nikaanza kukueleza habari za lugha, soko na ukoloni. Nilianzia mji mdogo wa Buffalo, nikamaliza Corsicana, karibu saa nzima ya safari. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Wewe unaongeza sauti, mimi napunguza.

"Baba, just listen."

"Nasikiliza."

"Unaongea."

"Naweza kufanya yote mawili."

"Hakuna mtu anaweza, Baba."

Nilicheka, nikaendelea na hotuba.

Mwaka uliotimiza miaka kumi na sita ulinipa karatasi. Tulikuwa Centerville, mama yako ameshaondoka, mimi nimesimama kando ya pampu. Ulikuwa umeutafsiri wimbo wa kwanza wa diski ile. Kutoka Kijapani ulipitia Kiingereza, kwa kamusi ya maktaba. Kutoka Kiingereza hadi Kiswahili ulisaidiwa na Mama Furaha, jirani yenu wa ghorofa ya chini pale mtaa wa Sharpstown, Houston, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, ambaye alikuwa akikusuka nywele mama yako akiwa kazini. Wimbo ulihusu watu wawili wanaotembea mvuani. Mstari uliorudiwa ulisema: "Tembea polepole, mwavuli ni mmoja."

Nilisoma hadi chini. Nikasema, "Asante, mama. Kiswahili hiki cha Kongo tutakirekebisha." Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Ukaingia garini. Safari nzima hukuweka diski yoyote, na mimi wala sikuona.

Wiki ile sikuwa na mada. Wasomaji wa safu hii wanakumbuka nilivyokuwa nikiandika miaka ile: kila wiki lazima mtu achinjwe. Safari hii waziri alikuwa kimya, askofu alikuwa safarini, nami nilikuwa na karatasi mfukoni. Nikaandika juu ya watoto wetu wa ughaibuni. Nikakuweka katikati, sikukutaja jina, nikasema tu "binti yangu", kana kwamba nina mabinti kumi. Nikanukuu mistari yako. Nikasema sisi watu wa Taita, ambao mvua kwetu ni ya kuombewa kanisani, sasa tunafundishwa na Wajapani kuikinga kwa mwavuli. Nikadhihaki Kiswahili chenyewe, nikasema kimefika Texas kikiwa kimevunjika mguu. Kirimura nikamwita muuza peremende. Nikasema nyimbo zake zinatoka kiwandani, kama tambi za pakiti, ongeza maji moto, ule, usahau.

Makala ile ilipendwa sana. Mhariri alinitumia faksi ya kunipongeza. Watu walioko Nairobi, ambao hawajawahi kukuona, walicheka. Kule Houston mtu alitoa nakala akaipeleka kwenye chai ya baada ya ibada, ikasomwa kwa sauti, ukumbi ukavunjika mbavu. Wewe ulikuwa ukipita kati ya meza na birika.

Hilo sikulijua hadi Mama Furaha aliponipigia simu kesho yake.

"Baba Wakio, nikuulize. Ile muziki ya mtoto, uliisikia?"

"Naijua, Mama Furaha. Imepigwa garini mwangu miaka miwili."

"Sijauliza kama ilipigwa. Nauliza kama uliisikia."

Nikaanza kumweleza tofauti kati ya sanaa ya watu na bidhaa ya soko.

"Papa, wacha. Mie sikufika mbali na masomo. Lakini kwetu mtu akishitaki mwenzake wanamuuliza, uliona? Weye hukuona kitu. Na ile maneno ulicheka ni ya mie, ni mie nilimupa mtoto. Ungecheka mie. Simu yangu uko nayo."

Akakata.

Ninayo kanuni moja ya kazi, na nimeitangaza kwenye ukurasa huu mara nyingi kuliko inavyopendeza: sishambulii kitabu nisichokisoma. Nimegombana na mawaziri, wahadhiri, wachungaji na washairi, na wote niliwasoma hadi tanbihi. Nimewahi kusoma kitabu cha kurasa mia sita cha mtu ninayemdharau ili nimjibu kwa kurasa mbili. Kirimura peke yake ndiye niliyemhukumu bila kumsikia. Na shahidi niliyemtumia dhidi yake alikuwa mtoto aliyenieleza kwa miaka miwili, garini, kwamba sisikilizi.

Mama Furaha aliponikatia simu nilijua amesema kweli. Hata hivyo sikufuta neno. Nilijiambia makala ya utani haifutwi. Nilijiambia utakua utaelewa. Nilijiambia mengi, nina ufasaha mkubwa ninapojisemea mwenyewe.

Hukugombana nami. Ugomvi ningejua la kuufanya. Uliendelea kuja Centerville na mkoba wako, ukiwa na visikizio masikioni. Nikikusemesha Kiswahili ulijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama mtu wa mapokezi hospitalini. Nilipokuuliza yuko wapi yule mwimbaji wako, ulisema, "I don't listen to her anymore." Nikafurahi. Nakiri hapa kwamba nilifurahi. Nilidhani nimeshinda.

Kisha ukapata leseni, safari zikaisha. Ukaenda chuo Minnesota, ukabaki huko. Habari zako nazipata kwa mama yako, na yeye hunipimia kwa kijiko.

Miezi miwili iliyopita alikuwa anahama Sharpstown, akanipigia. "Kuna boksi la diski za mtoto. Amesema nitupe. Mimi kitu cha mtoto situpi. Njoo uchukue." Nikaendesha hadi Houston, mara ya kwanza kupita Centerville bila kusimama. Mama yako alinikabidhi boksi mlangoni. Hakunikaribisha chai, na sikustahili.

Basi nimesikiliza. Vijitabu vya diski vina maandishi yako ya penseli pembeni, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika, na ndivyo vilivyoniongoza.

Diski ya kwanza aliirekodi nyumbani kwa shangazi yake. Ndiyo maana ya ule mlango. Umeandika, "Shangazi anatoka kwenda kazini." Nimeusikiliza mlango ule mara nyingi sana.

Ya pili ndiyo iliyompa jina. Kampuni ilimletea tarumbeta na ngoma, ikamsuka nywele, ikamweka kwenye mabango. Sauti yake inakimbizana na vyombo na kila mara inafika ya pili. Pembeni umeandika neno moja: "Wamemfunika." Tuhuma yangu yote ya kiwanda ilikuwa hapo, imeandikwa kwa penseli na mtoto wa miaka kumi na mitano, bila tusi lolote. Ningekuuliza, ungenipa makala ya kweli.

Kisha akakaa miaka mingi akiwaandikia wengine nyimbo. Diski ya tatu ni nyimbo hizo, amewanyang'anya wenyewe na kuziimba kwa gitaa moja. Kuna wimbo wa furaha humo ambao kwake umekuwa msiba.

Ya nne ni ya jukwaani. Katikati ya wimbo anasahau maneno. Unamsikia akisimama, akicheka, na watu ukumbini wanaimba badala yake hadi mwisho. Yeye ananyamaza, anawaacha. Mimi pia nimewahi kusahau maneno jukwaani, Dallas, mbele ya Wakenya wenzangu. Nililaumu kipaza sauti.

Kabla ya ya tano alipasuliwa koo. Sauti iliyorudi ilikuwa nzito, fupi ya pumzi, na inakatika juu. Alichofanya nayo ni kurudia diski ya kwanza yote, wimbo kwa wimbo, maneno yaleyale. Niliziweka zile nyimbo mbili za mvua moja baada ya nyingine. Msichana wa diski ya kwanza anaomba. Mwanamke wa diski ya tano anakumbuka kwamba aliwahi kuomba. Anaimba taratibu mno, na mara ya mwisho mstari ule hausemi kabisa, anaacha gitaa lipite peke yake mahali pake.

Sikuelewa neno hata moja, ila nilikuwa na karatasi yako mbele yangu. Haikuwahi kupotea. Ina alama zangu za kalamu nyekundu, sehemu kumi na moja. Nilizihesabu kwa aibu, kisha nikaenda kazini.

Baada ya diski hiyo hakurekodi tena. Aliyeharibikiwa na sauti angeweza kuziacha zile nyimbo za ujana zibaki zilivyo, nzuri. Alirudi mbele za watu na kile alichobaki nacho, akasema tena alichokisema zamani, ili asikike alivyo sasa. Katika miaka thelathini ya kuandika sijawahi kufanya hivyo hata mara moja. Nimejibu, nimefafanua, nimeongezea, nimetetea. Sijawahi kurudi.

Nimechoka, Wakio. Nina miaka hamsini na mitatu na nimechoka kushinda. Wengi niliowashinda hawanipigii simu, na walionishangilia nao hawanipigii. Nikipata hoja nzuri siku hizi nachoka hata kabla ya kuisema, naanza kufikiria nani atabaki kimya nikimaliza. Vijana wa gazeti hili bado wananitumia ujumbe: mzee, fulani amesema hivi, mmalize. Nawajibu kwamba nina zamu. Ni kweli, lakini siyo sababu.

Kwa hiyo makala ile naifuta. Niliandika kuhusu muziki nisioujua. Nilichukua karatasi niliyopewa na mwanangu mkononi nikaiuza kwa kicheko. Kiswahili nilichokidhihaki kilikuwa kizima, na nilikicheka kwa kuwa kilitoka Uvira badala ya kutoka mezani kwangu. Mama Furaha nimemwomba radhi kwa simu. Alinisikiliza hadi nikaishiwa, akasema, "Nimesikia, papa. Sasa mwambie mtoto."

Nakwambia. Nilikukosea nikiwa na akili zangu zote, na nilipojua nimekukosea nilikaa kimya kwa sababu kukiri kungenipunguzia kimo mbele ya watu. Samahani, mwanangu. Sikuombi urudi kwenye muziki ule, wala kwenye Kiswahili, wala kwangu.

Nilipofika hapa niliona jambo lingine. Kukuomba radhi gazetini ni kukuweka gazetini mara ya pili. Nikaichapa barua yote, nikaituma Minnesota kwa posta, na juu yake nikaandika kwa mkono kwamba ukikataa haitachapishwa, na hakuna mtu atakayejua iliwahi kuandikwa. Nikasubiri. Mhariri aliuliza mara mbili, nikamwambia asubiri naye.

Jumanne mama yako akapiga simu.

"Mtoto amesema uchapishe."

Nikavuta kiti cha jikoni, nikakaa.

"Umesikia? Amesema uchapishe, lakini yeye mwenyewe usimsifu."

"Alisema kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?"

"Umeanza," akasema mama yako, akakata simu.

Nimerudi kwenye barua nikafuta aya mbili. Zilizobaki ndizo hizi.

Baba yako