Mahali pa jiwe la mama

Kyeshero, siku ya ine, jioni

...na bado jiwe. Vingine vyote vimeshapangwa.

Barabara imefungwa na vita, kwa hiyo tutapita ziwani, siku tatu kwa mutumbwi wa moteri. Tutalala Idjwi, tutalala Kalehe, kisha Bukavu kwa dada yangu. Mume wangu, Baba Neema, amepima kila mufuko kwa mikono. Hata sufuria kubwa aliikatala.

Mama hataki kuacha jiwe lake la kusagia mutama. Siku tuliyokimbia Masisi alilibeba mugongoni, akaacha godoro. Hajapanda mutumbwi hata siku moja, lakini haulizi kama tutazama. Anauliza jiwe litakaa wapi.

Mimi ndiye ninayeogopa. Upepo wa muchana, na Neema hajui kuogelea.

Labda ni woga ulionifanya nimukaripie: "Mama, ni jiwe tu!" Sijui kwa nini nilisema vile...

Baba Neema alirudi kutoka ufukoni, alikoenda kuangalia mutumbwi, akachuchumaa mbele ya Mama. "Mama, mutumbwi wetu hauna nanga. Kule tutakapolala tutahitaji jiwe la kufungia kamba. Unaweza kutuazima lako?"

Nanga iko, ya chuma. Niliiona jana kwa macho yangu. Kumbe ataiacha ufukoni, jiwe lipate nafasi. Nikaendelea kukunja nguo.

Mama alifikiri sana, akipapasa jiwe kama kichwa cha mutoto.

"Sawa," akasema. "Lakini asubuhi mulitoe mapema. Maji ya ziwa ni baridi."