Ng'ombe Amezaa Katikati ya Harusi

Bibi mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijauza kamera nikahama mji. Mimi ni mpiga video, ofisi yangu iko juu ya saluni, na kompyuta yangu ina programu ambayo ukichomeka kadi ya kamera inavuta video zote yenyewe, ila inakuuliza kwanza izipeleke folda gani na izipe majina gani, na mimi siku ya kwanza nilikuwa na haraka nikatengeneza folda moja nikaiita "Mpya", na tangu hapo miaka miwili kila kazi inaingia humo humo, majina naandika lililo moyoni siku hiyo, ndiyo maana nina video zinaitwa "njaa 14" na "mwisho kabisa" na "huu ndio mwisho jamani 2", na saa ya kamera sijawahi kuirekebisha, kwake yeye kila siku ni mwaka mpya.

Sasa mwezi uliopita nilipiga harusi ya binti wa fundi viatu, kesho yake nikarekodi somo la daktari wa mifugo la kumzalisha ng'ombe, zote zikaingia "Mpya", zote nikaziita "nimechoka", nikaziunganisha bila kuziangalia, na siku ukoo mzima umekaa kutazama, bibi harusi anaingia ukumbini, mara mkono wa daktari umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani, na hakuna aliyethubutu kusema neno maana kila upande ulidhani ni jambo la upande wa pili, dakika kumi na nane, ndama alipotoka shangazi wa bwana harusi akapiga vigelegele, kisha ikaja keki.

Hilo wamenisamehe, shangazi ameomba hata nakala. Kinachonitesa ni kwamba fundi viatu, mtu asiyeongea, siku yenyewe ya harusi alisimama akamwambia binti yake maneno ya dakika mbili, na binti anayataka, na mimi siyaoni, nikamdanganya kwamba kamera ilizima. Nimemfuata mzee nikamwomba avae suti ile ile ayaseme tena. Akaniangalia, akasema, "Nilishasema," akaendelea kugonga kisigino. Bibi, nishikilie uongo wangu au nifanyeje?

Mpiga Video wa Juu ya Saluni

Marahaba, mjukuu wangu. Kaa vizuri, maana nakusema.

Mimi darasa sikuliona hata kwa dirisha. Barua yako nimesomewa, na msomaji wangu amecheka mpaka miwani ikamdondoka. Lakini jikoni kwangu kuna makopo matatu yanayofanana: chumvi, sukari na sumu ya panya. La chumvi nimelifunga uzi, la sukari lina kifuniko chekundu, la sumu linakaa juu ya kabati peke yake. Miaka arobaini sijaua mtu. Wewe unayejua kusoma umemwaga yote kwenye beseni moja ukaliita "Mpya". Mpya ya lini, baba? Hiyo imeshaota ndevu!

Na hiyo "njaa 14", pole, ungekula. Njaa yako inamhusu nini bibi harusi wa watu?

Leo hii, kabla hujanywa chai, nenda kwa yule binti. Mwambie, "Kamera haikuzima, niliyezima ni mimi." Atakufokea. Mwache afoke, ni haki yake. Akimaliza mkaribishe ofisini, mpe kiti kizuri, mzifungue pamoja video moja moja tangu njaa ya kwanza. Hukuzifuta, basi zimo. Yeye atamtambua baba yake hata kwa kikohozi, wewe huwezi.

Tena kuanzia sasa, kadi isiguse kompyuta kabla hujaifungulia kazi hiyo folda yake. Jina liwe tarehe, mwenye kazi, namba, basi. Saa ya kamera irekebishe leo. Ng'ombe naye mpe nyumba yake, mama wa watu amejifungua mbele ya ukoo mzima. Uchovu wako kamwambie mkeo.

Na yule mzee usimfuate tena. Alisema mara moja tu kwa sababu alikuona umesimama pale na kamera, akajua yametunzwa.