Kungwi Aoneshwe Vidonge

Mama, shikamoo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vitano visivyosemezana humwacha chawa ajitembelee. Vidole hivyo ndio sisi tunaomlea mdogo wangu Zabibu.

Uji uko jikoni. Dawa yake ya kifafa nimempa saa moja asubuhi, usimpe tena.

Ulipokwenda kuteka maji bondeni aliniuliza, "Dada, wenzangu wanaingia unyagoni Ijumaa. Mimi ni mgonjwa tu, au ni mwali pia?" Nikamsuka nywele.

Nesi anajua vidonge, hajui unyago. Kungwi anajua unyago, vidonge haviamini. Mwalimu wake anajua dalili kabla hajaanguka, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Nawe unawabeba wote hao kichwani peke yako, Mama, ndiyo maana umeamua mtoto abaki ndani.

Nimekwenda kuwaita. Saa nane mchana watakaa mkeka mmoja, na kungwi aoneshwe jinsi ya kumpa dawa huko unyagoni. ~~Ukikataa, basi.~~ Nimefuta. Wasikilize kwanza. Chemsha mihogo, na yule jogoo umfungie, nesi anamwogopa. Baba akirudi mapema kutoka kwa wanunuzi wapya wa korosho Tandahimba, naye akae.

Najua utasema nimekuitia wageni bila ruhusa yako. Ni kweli, na siombi radhi.

Mwanao mkubwa