Mashine ya Kuimbia Pale Sebuleni

Hong Kong, 23 Juni

Mwanangu Jonalyn,

Hamjambo hapo nyumbani Pototan? Kifua cha baba yako kimepona? Mimi mzima, mikono tu inawasha kwa sabuni. Naandika kwa sababu kwenye simu sikusikii, kuna watu wanaimba.

Mwalimu wako amenitumia alama. Hisabati sabini na sita. Anasema ukishuka tena unatolewa mkondo wa sayansi, na bila mkondo huo habari ya uuguzi tuisahau. Chumba unacho, taa unayo, meza unayo. Hiyo mashine ya karaoke niliinunua watu waje walipie nyimbo, wewe usikose vitabu. Sasa kuna nini? Au ni mvulana? Sema kweli, sitakumeza.

Mama yako

Pototan, 9 Julai

Mama, shikamoo. Naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu kwa heshima, kama desturi yetu, japo uko mbali. Sote wazima. Baba amepona, ndiyo maana anaimba.

Mvulana hayupo. Ipo mashine yako. Nikitoka shule watu wameshajaa sebuleni, na ukuta wa chumba changu ni ubao mwembamba. Jirani yetu Mzee Berting anaurudia wimbo uleule mara sita, na kila mara anakosea palepale. Nilimwomba Baba wapunguze sauti. Akanijibu, "Wewe unasoma kwa macho, masikio ya nini?" Wote wakacheka, hata mimi.

Kwa hiyo nasomea makaburini, juu ya kaburi la Bibi. Kuna kivuli, na Bibi hana neno. Lakini mvua zimeanza, daftari la fizikia limelowa.

Usimgombeze Baba.

Binti yako

Hong Kong, 16 Julai

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mdogo wako Lenlen. Baba yako nimemgombeza, tena sana. Nimemwambia mashine ihamie kwa Berting, wakawaimbie kuku wake. Amenuna, yatamwisha.

Nimeona haya. Niliinunua kwa jasho langu nikidhani nakujengea, kumbe nakubomolea. Toka huko makaburini. Nyumba sasa ni kimya, sitaki kusikia kisingizio kingine.

Mama yako

Pototan, 30 Oktoba

Mama, shikamoo. Unisamehe kwa kutokuandikia miezi mitatu. Lenlen alikuwa na homa, sasa anacheza.

Nimetolewa mkondo wa sayansi. Hisabati sabini na moja. Sina kisingizio, nakueleza tu siku yangu ilivyo. Mashine ilipohamia kwa Mzee Berting, Baba naye akahamia huko, hapa anarudi kulala. Zamani aliimba, lakini alipika wali huku akiimba, na Lenlen alikuwa mbele ya macho yake. Sasa nikitoka shule napika, nafua, namwogesha Lenlen, namsomesha. Nikija kukaa mezani nyumba ni kimya kweli. Naikodolea hesabu macho, na sina wa kumwonyesha nilipokwama. Nalala juu ya kitabu.

Sikulaumu, Mama.

Binti yako

Hong Kong, 12 Novemba

Jonalyn mwanangu,

Natumaini Lenlen homa haijamrudia. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaenda kulia chooni, madam asinione.

Kuna kazi yangu ya alasiri sijawahi kukuambia. Nakaa mezani na binti wa nyumba hii akifanya hesabu. Sizijui hesabu zake, nakaa tu. Akikwama ananieleza alipokwama, na akimaliza kunieleza huwa ameshapata. Jana amekuja na cheti cha mwanafunzi bora. Madam akaniambia, "Ni kwa sababu yako, Teresita." Halafu akanipa mkataba wa miaka miwili mingine.

Sijausaini. Huu wa sasa unaisha tarehe kumi Desemba. Fedha za chuo sijui zitatoka wapi, na baba yako atakasirika, mwache akasirike. Mwombe mwalimu akupe mtihani wa kurudi kwenye mkondo, lakini uwe Januari, nitakuwa nimeshafika nyumbani.

Hesabu zako sitazijua. Nitakaa.

Mama yako