Maoni ya Mama Minza

Alhamisi, Bariadi

Bado nakisikia kile kicheko.

Leo katika kijiji cha Lingeka wazazi waliitwa kutoa maoni kuhusu kubadilisha mtihani wa darasa la saba. Kwa kuwa niliwahi kufundisha pale, nilipewa kazi ya kumtafsiria Kisukuma ofisa wa elimu aliyetoka makao makuu.

Mama Minza alisimama. Akasema binti yake alipofeli, baba alimwoza mwaka uleule, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini. Aliomba watoto wanaofeli waruhusiwe kurudia.

Minza mwenyewe alikuwa amekaa kando yake, mtoto mgongoni. Ofisa akamsimamisha.

"Saba mara nane?"

Jedwali hilo nilimfundisha mimi, na alilijua. Lakini macho yote yalikuwa kwake. Akainamisha kichwa.

"Mnaona? Huyu arudie nini?" Ofisa akacheka, na mkutano mzima ukacheka naye, hata baba yake Minza. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Tulipokuwa tunaondoka, Mama Minza alinifuata kwenye gari.

"Mwalimu, ulimfikishia maneno yangu sawasawa?"

"Ndiyo, mayu," nilijibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Yote."

"Sasa mbona alicheka?"

Dereva akawasha gari. Nikapanda.