Kipipa cha Olivia

Abu Hamour, Doha
9 Machi 2014

Mama yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mguu umepungua kuvimba, na Tiffany wangu amekaa karibu yako akichezea vifungo vya sweta yako kama alivyozoea. Mimi mwili uko sawa. Baridi ya huku imeisha, joto limeanza kubisha hodi. Mwambie Tiffany yale meno yake mawili niliyoyaona kwenye picha nimeyabusu mpaka kioo cha simu kikapata ukungu.

Uliniuliza kwa simu habari za Gerishon, mtoto wa jirani yetu, nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika, Mama. Ulisema kanisa limemtoa kwenye kwaya kwa kuwa alirudishwa kutoka Qatar kwa ulevi, na mamake hakanyagi tena kwako hata kuomba chumvi. Nimeona heri niandike, maana kwa simu ningelia tu usielewe kitu.

Madam na Bwana ninaowafanyia kazi wanatoka kisiwa kidogo cha Ulaya. Kwao mtoto akizaliwa, baba humwekea mvinyo mweupe kwenye kipipa cha mbao, lakini hakijazi mpaka juu. Huacha nafasi ya hewa makusudi, akaziba kwa kitambaa tu. Miaka inapita, hewa inaula ule mvinyo polepole, unaota utando mweupe juu kama inavyotakiwa, mpaka unageuka rangi ya chai ya rangi na kunukia njugu za kukaanga. Hunywewa siku mtoto anapooa au kuolewa. Wao walikuwa na binti mmoja tu, Olivia. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, kabla sijaja. Tangu hapo, kila mwaka siku yake ya kuzaliwa, hukaa mezani wawili hao na kunywa gilasi ndogo moja moja. Namna walivyokipitisha kipipa mpaka nchi hii, ambako pombe hairuhusiwi kuingizwa, sijauliza.

Haya yote nimeyajua baadaye. Januari madam alisafiri, akaniachia kazi ya kusafisha stoo. Nikakikuta kipipa, mvinyo umebaki chini ya nusu. Nikamulika ndani kwa simu, nikaona utando mweupe umetanda juu wote, na harufu kali. Nikakumbuka enzi zako za kupika busaa, ile pombe ya unga, kabla hujaokoka, ulivyokuwa ukituambia ikiota utando tumwage mara moja, mtu asije akaugua kwa mkono wetu. Nikawahurumia wale wazee. Nikakibeba mpaka nyuma ya nyumba, nikaumwaga wote chini ya mlimau, nikakisuza kwa maji moto, nikakirudisha na kitambaa kisafi. Mama, nilikuwa naimba. Nilipanga kumwambia madam akirudi, lakini akarudi na mizigo na mafua, nikasahau.

Siku ya kuzaliwa ya Olivia ikafika. Bwana akakiinamisha kipipa, hakikutoa hata tone. Ufunguo wa stoo tulikuwa nao wawili, mimi na Gerishon dereva, aliyeweka humo vifaa vya gari. Mimi walinijua kwa kusali. Gerishon walimjua kwa mzaha. Kila siku alinitania kwamba viyoyozi vya Doha vitanirudisha nyumbani nimeganda kama samaki wa dukani. Bwana akaona mwenye mzaha ndiye mlevi. Akasema aliyefanya hivyo ataondoka wiki hiyo hiyo. Polisi hakuwaita, maana kipipa chenyewe kilikuwa siri. Nilikuwa nimesimama hapo na trei mkononi. Gerishon akanigeukia.

"Mama Tiffany, waambie mimi sinywi."

Nikasema sijui.

Hilo ndilo neno nililolisema, Mama. Niliwaza Tiffany na kifua chake, nani atamnunulia dawa. Gerishon alijua nina ufunguo wa pili, na hakunitaja mpaka anapanda ndege.

Jana nimemwambia madam. Akaweka kikombe chake cha chai mezani, akauliza, "Uliumwaga wapi?" Nikampeleka kwenye mlimau. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole, akanusa udongo, akachimba tena. Haukuwa na harufu yoyote. Nikapiga magoti kando yake, hakunifukuza.

Bwana amesema nitaondoka Alhamisi. Kibali cha Gerishon kilishafutwa, hawezi kurudi hapa. Ila madam ameandika kwa mkono wake kwamba Gerishon hakunywa chochote, akatia sahihi. Karatasi hiyo nimeikunja ndani ya hii. Wanjiru, nesi tunayesali naye siku za Ijumaa, anasafiri kesho na atakuletea. Nataka barua ifike kabla yangu, nisije nikafika nikasema tena sijui.

Mpe kwanza mamake Gerishon karatasi yake. Halafu Jumapili uniruhusu niisome barua hii kanisani, yote, hata pale pa busaa nisiparuke. Wewe na Tiffany mkae mbele, nipate pa kutazama. Kazi nyingine nitatafuta, Mama, mikono ninayo.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Mbusu Tiffany kwenye kifua.

Ni mimi mwanao,
Kwamboka