Udongo Wangu Umehamia Shambani Kwako

Nyumba ya juu, kilimani,
Tarehe 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Hujambo huko uliko? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kule kuinamia cherehani kutwa nzima? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama kikohozi kimepungua, anakula vizuri, na mdomo wake ni uleule, haupumziki. Mimi magoti yananiuma kidogo lakini naenda nayo hivyohivyo.

Sasa nina neno limenikaa kooni tangu mvua zile, nisipolisema litanipasua. Nakuonea wivu. Haya, nimesema. Usicheke.

Najua kaka alikuandikia habari za maporomoko, lakini kaka yetu ukimpa habari nzima anafikisha nusu. Ilinyesha siku tatu mfululizo, ya nne ikaja na upepo. Mchana tukiwa jikoni tunamenya viazi nikasikia mngurumo, nikadhani lori. Mama akasema, "Lori gani lipite shambani?" Tukatoka mbio. Shamba langu la mteremkoni, upande wote wa chini, lilikuwa linateremka polepole na mahindi yake yamesimama wima, kisha likakatika likaingia korongoni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini nilikaa chini kwenye matope nikalia kama mtoto.

Na usiniulize kuhusu majani yako. Zile safu za majani marefu ulizopanda kukinga mteremko kabla hujaondoka, niliziong'oa mwaka jana. Niliona zinanimalizia nafasi, nikaongeza mistari minne ya mahindi. Mistari minne tu, ewe mdogo wangu! Yule mpima mto, bwana anayechota maji darajani kwa chupa zake ili apime tope, ameniambia hawezi kuapa kwamba majani yangezuia kilima kisianguke, ila mizizi yake ilikuwa inashika udongo, na maji yalikuwa yanateremka kwa adabu.

Nilidhani udongo umeshakwenda zake baharini. Kumbe wapi! Ulikaa korongoni wiki tatu, umekiziba kijito. Mvua kubwa ya pili ikaja, maji yakapasua, yakaubeba. Mpima mto alinieleza safari yake yote. Mawe mazito hubaki palepale korongoni, mchanga hufika darajani, na lile tope laini lenye rutuba hukimbia na maji mpaka mto ufike mahali tambarare upunguze mwendo, ndipo linapotua. Sasa huku kwetu tambarare ya kwanza iko wapi? Kwako, pale mto unapopinda.

Unakumbuka baba alivyotugawia? Mimi mkubwa nichague kwanza. Nikachagua kilimani, udongo mwekundu, na wewe ukaachiwa kile kichanga cha bondeni ambacho hata magugu yalikuwa hayakitaki. Nilikuonea huruma, na kusema kweli nilifurahi kidogo. Basi nilipoteremka baada ya mvua ile ya pili nikakuta shamba lako lote jekundu, udongo shibiri mbili kwenda chini, laini kama unga. Rangi ile naijua, bonde zima hakuna mwingine mwenye udongo huo. Na ndoo yangu ya bluu, iliyokwenda na shamba siku ile, imetulia katikati, utadhani imealikwa.

Hivi ni haki, Sindano? Wewe hujashika jembe mwaka wa sita, unaletewa rutuba mpaka mlangoni. Mimi niliyebaki na mama, niliyebeba samadi kwa kichwa miaka yote hiyo, nimebaki na mwamba mtupu. Nilimuuliza mpima mto kama kuna namna ya kuurudisha. Akacheka mpaka chupa zake zikagongana. Akasema uliobaki korongoni utaendelea kushuka miaka na miaka, kila mvua kubwa na sehemu yake. Yaani bado unapokea!

Mama naye kila mgeni akija anamuuliza, "Umeliona shamba la mdogo wao?" Nikimtazama, anajifanya anatafuta miwani.

Sasa nikuombe. Kipande kilichonibakia hakitatulisha mimi na mama mwaka huu. Naomba nilime kwako. Karatasi tatu nimechana kwa sentensi hiyo moja, maana kukuomba wewe niliyekubeba mgongoni kunanichoma roho.

Na nisikufiche, nimeshapanda. Msimu usingenisubiri barua iende irudi. Mahindi yamenifika kiunoni, majani yake meusi ti kwa afya. Huku juu nimerudisha majani yako marefu kwenye mteremko uliobaki, safu baada ya safu, kama ulivyokuwa umeyapanga.

Nisalimie sana shemeji, na wanao wote wawili, hasa yule mtundu. Kaka fundi seremala anakusalimu, shangazi anauliza picha, na mama anasema uvae soksi. Mungu akulinde wewe na vidole vyako, akupe na mgongo mpya.

Ila nijibu upesi. Jana nilikuwa nimeinama napalilia, wakapita wanawake wawili. Mmoja akasema, "Huyu Sindano jamani, yuko mbali lakini shamba lake tazama!" Nikainuka ili wanione. Wakanisalimu vizuri, halafu wakaniuliza umeniajiri tangu lini. Kwa hiyo uandike kwa herufi kubwa, nimsomee mama na yeyote atakayekuwepo, kwamba shamba ni lako lakini mahindi ni yangu.

Mimi dada yako mkubwa,
nikupendaye na wivu wangu wote.